Chumba Kilichokosa Bawaba

Vyeo nilivyopanda na mshahara niliostaafu nao mtavikuta kwenye faili langu, kama panya wamelibakisha. Haya ninayoyaandika hayamo humo. Nawaandikia nyinyi mnaobaki karakana, mnaotundika milango na kuziba mapaa ya nyumba za kupangisha, kwa sababu siku ya kuniaga mmoja wenu aliniuliza kosa langu kubwa kazini lilikuwa lipi. Nilijibu kwamba niliwahi kutundika mlango kichwa chini, mkacheka, nami nikacheka nanyi. Niliwadanganya. Kosa langu kubwa ni jingine kabisa, na nimekaa nalo tangu miaka ya hamsini.

Halmashauri iliyoniajiri mwanzo, kabla ya mwajiri wenu wa sasa, ilikwisha kufa zamani, na jina lake sitalitaja. Ofisi na karakana vilikuwa Thika, karibu na reli. Vyumba vyake vya wafanyakazi Waafrika vilikuwa sehemu mbili: vingi Thika, na safu mbili za mawe Ruiru. Siku ya kwanza nilifika na randa ya marehemu baba yangu, nikidhani nitasifiwa. Mzee Mbugua, fundi mkuu, alipitisha kidole kwenye makali yake akaniuliza kama baba alikuwa akikatia nyasi za ng'ombe. Kisha akanipa mlango wa choo nitundike. Niliutundika na kuushusha mara nne. Mara ya tano ulifunga sawasawa, akaniambia sasa niufungue, maana kuna mtu ndani na amesubiri vya kutosha.

Mbugua alikuwa mtu wa kanisa, mpole, lakini kazi mbovu aliichukia kama dhambi. Alinifundisha kushika timazi bila kupumua juu yake, na kupaka sabuni kwenye skrubu ili iingie bila kuipasua mbao. Alinifundisha pia kwamba mlango wa choo unachukua bawaba mbili na mlango wa chumba tatu, na kwamba kila bawaba inayotoka stoo lazima iandikwe imekwenda mji gani, safu gani na mlango gani, maana bawaba zilikuwa na miguu. Daftari la bawaba aliniachia mimi, kwa kuwa nilikuwa nimefika darasa la sita na mwandiko wangu ulisomeka. Yeye mwenyewe hakupenda kuandika. Alipendelea kukumbuka.

Serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari ili kuwasaka wapigania uhuru, vifaa viliadimika. Tulipomaliza safu ya pili kule Ruiru, chumba cha mwisho kabisa, upande wa kwenda Gitothua, kilikosa bawaba. Stoo hazikuwemo, na wapangaji walikuwa wamekwisha kusimama nje na godoro lao: Baba Njoki, dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa, na mkewe Mama Njoki, aliyechambua buni kiwandani, pamoja na watoto wawili. Sikuweza kuwaambia walale nje. Nilitafuta tairi kuukuu la lori, nikalikata vipande vitatu, nikavipigilia kwa misumari ya vichwa vipana. Mlango ukazunguka kimya, laini, kuliko milango yote ya safu ile.

Baba Njoki aliufungua na kuufunga mara kadhaa. Alikuwa mtu wa mzaha, na miguuni alivaa akala, viatu vya tairi.

"Mlango yetu imevaa akala," alisema. "Hii itatembea mpaka Nairobi na haitachoka."

Nilirudi Thika kwa baiskeli nikijisikia fundi. Nilijiahidi kwamba bawaba zikipatikana nitarudi niuvishe mlango ule viatu vya heshima. Zilipopatikana zilikwenda kwingine palipokuwa na malalamiko. Mlango unaofunga vizuri hakuna anayeukumbuka, na katika daftari langu chumba kile hakikuwa na mstari hata mmoja.

Baada ya miezi michache askari walizunguka Ruiru alfajiri, wakawakusanya wanaume uwanjani, na Baba Njoki akawa miongoni mwa waliopakiwa kwenye malori. Alipelekwa kizuizini, mbali, kisha akahamishwa, kisha akahamishwa tena. Mama Njoki aliendelea kuchambua buni. Barua za mumewe zilikuja kwa nadra kupitia ofisi yetu, zimefunguliwa na kusomwa na wakubwa, na juu yake pameandikwa jina la mkewe na namba ya kile chumba cha mwisho. Dunia nzima mumewe hakuwa na anwani nyingine ya kumpata.

Sasa nifike kwenye kosa. Msimamizi wetu wa nyumba alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana Hesabu, kwa kuwa hata misumari iliyoanguka sakafuni aliihesabu. Jumatano moja alitaka apewe idadi ya vyumba vyote ifikapo Ijumaa mchana, kwa kuwa imetakiwa Nairobi. Mbugua alikuwa kitandani na malaria. Daftari la wapangaji lilikuwa limechukuliwa na polisi kukagua majina. Na Ruiru wiki ile ilikuwa imefungwa, haiingiliki bila kibali maalumu. Kazi ikaniangukia mimi.

Vyumba vya Thika nilivihesabu kwa miguu, mlango hadi mlango. Vya Ruiru nilivihesabu kwa kalamu. Nilikaa karakana na daftari la bawaba, nikajumlisha zote zilizokwenda Ruiru, nikatoa za vyoo, nikagawanya kwa tatu. Hesabu ilitoka kamili bila baki, nikaiona ni ishara ya ukweli. Nilijiona mwerevu ajabu. Nilitia sahihi, Bwana Hesabu akatia yake, karatasi ikaenda.

Haikupita miezi mingi ikaja barua. Ilisema kwamba halmashauri haitaruhusiwa kuendesha vyumba vya kupangisha zaidi ya vile ilivyovihesabu siku ile. Ikitaka kujenga kimoja kipya, ibomoe kimoja cha zamani kwanza. Wakubwa waliogopa kwamba tukijenga vyumba vingi watu watajaa mjini, kana kwamba mtu huacha shamba lake kwa kufuata uzuri wa ukuta wa halmashauri. Mbugua, aliyekuwa amepona, aliisikiliza ikisomwa kisha akasema kwamba ameona kikomo cha maji na kikomo cha unga, lakini kikomo cha paa ndiyo mara ya kwanza. Tukarudi kazini.

Polisi walirudisha daftari la wapangaji. Karani alililinganisha na ile karatasi ya hesabu, akaja karakana akiwa na uso wa mtu aliyeona nyoka. Ruiru kulikuwa na chumba kimoja zaidi ya kikomo. Alipofuatilia kwenye karatasi zangu, aliona ni kipi kisichohesabiwa: cha mwisho, upande wa Gitothua. Nilijua papo hapo, kabla hajamaliza kusema.

Amri ilitoka siku hiyo hiyo. Chumba kilichozidi kifungwe mwisho wa mwezi, mlango utolewe, tundu lijengwe kwa mawe. Mpangaji aondoke. Na Mama Njoki alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda: kijiji kipya kilichozungushiwa handaki, ambako wanawake walichimba kwa zamu na watoto wa waliozuiliwa walitazamwa kwa jicho baya. Kazi ya buni ingekwisha, shule ya Njoki ingekwisha, na barua za mumewe zingerudi zilikotoka.

Alikuja Thika kwa miguu kuniona. Hakuja kulaumu. Alikuja kwa kuwa mimi ndiye mtu wa halmashauri aliyemfahamu kwa uso. Aliketi kwenye gogo la kupasulia mbao, akaniuliza swali moja.

"Fundi Kuria, ni nani alihesabu hizi nyumba?"

Nilimjibu kwamba ni makarani. Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru, akarudi zake Ruiru. Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kujichukia kama siku ile.

Siku tatu sikula vizuri. Siku ya nne nilimweleza Mbugua habari yote, tairi, daftari na hesabu ya kugawanya kwa tatu. Nilitegemea anikemee. Alimaliza kunoa tindo, kisha akasema kwamba kosa la mkono hurekebishwa kwa mkono, lakini lazima mdomo utangulie. Alinifuta vumbi mabegani, akanipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa Bwana Hesabu.

Nilisema yote nikiwa nimesimama wima. Bwana Hesabu hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Alifungua kabati akanionyesha nakala ya ile karatasi, sahihi yangu juu na yake chini. Kuisahihisha, alinieleza, kungekuwa kuwaambia wakubwa wake kwamba alitia sahihi kitu ambacho hakukiona.

"Hesabu nakwisha kwenda Nairobi," alisema kwa Kiswahili chake. "Hapana rudi."

Nilipotoka, Mbugua alikuwa bado nje na kofia mkononi. Tulitembea mpaka karakana. Hapo ndipo aliponiuliza barua ile inaeleza chumba ni nini. Nilikumbuka: chumba ni mahali pa kulala penye mlango wake wa nje. Akarudia maneno hayo polepole, mara mbili. Kisha akasema kwamba basi vyumba viwili vyenye mlango mmoja wa nje ni chumba kimoja.

Mpango ulikuwa huu. Tungeuziba mlango wa Mama Njoki kwa mawe kama tulivyoamriwa. Lakini tungetoboa ukuta wa ndani kati ya chumba chake na cha jirani, ili apite kwa jirani kuingia kwake. Kwenye karatasi kingekuwa chumba kimoja kirefu. Bwana Hesabu alikubali kuunganisha, kwa kuwa hesabu ilikaa sawa, na hakuuliza atakayelala ndani. Barua ilihesabu vyumba. Watu haikuwahesabu.

Ila kulikuwa na jirani. Huyu alikuwa Mutua, Mkamba wa upande wa mashariki ya Thika, mtengenezaji wa njia ya reli, na mkewe Mama Mwende. Fikirini tulichokuwa tukimwomba. Mke wa mtu mwingine na watoto wake wapite kando ya kitanda chake asubuhi na jioni, miaka isiyojulikana. Na kupangisha mtu ndani kulikatazwa, tena mke wa mtu aliye kizuizini, wakati ambapo Mutua na Wakamba wenzake, tofauti na kabila letu, walikuwa bado wakitembea bila kusumbuliwa sana. Nilizungumza vibaya, nikazunguka, nikajikwaa. Mutua alitazama chini. Mkewe ndiye aliyejibu.

"Watoto wake hulia kwa hii ukuta yetu," alisema Mama Mwende. "Wacha walie ndani. Tutawasikia vizuri."

Mutua akaongeza sharti moja. Mtu yeyote wasiyemjua akija kuuliza, jibu la nyumba hiyo litakuwa kwamba huko nyuma hakuna mtu. Wakubwa, askari, mhubiri, yeyote. Sote tukakubali, na niliona ni sharti la busara. Hata leo naliona hivyo.

Tulitoboa ukuta wa ndani kwanza. Mama Njoki akatundika pazia la gunia la kahawa alilolifua mpaka likawa jeupe. Siku iliyofuata niliuziba mlango wa nje. Alisimama akinitazama nikipanga mawe, na nilipofika usawa wa kifua sikuweza kuendelea. Niliweka mwiko chini nikamwambia kwamba si makarani, ni mimi niliyehesabu, na nilihesabu bila kuja. Njoki alikuwa amemshika sketi.

"Jenga kwanza," aliniambia hatimaye. "Tutaongea ukimaliza."

Nilimaliza, nikapiga lipu, nikapaka chokaa mpaka palipokuwa na mlango pasijulikane. Mbugua alikuja kukagua, akasema ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nadhani alikusudia kunisifu. Mama Njoki hakunisemesha juu ya jambo lile siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Waliishi hivyo zaidi ya miaka mitatu. Mutua alijifunza kukohoa kabla ya kuvaa. Mama Njoki alijifunza kupita akiwa ameinamisha macho, na Mama Mwende akawalisha watoto wote kwenye sufuria moja kwa kuwa hakuona maana ya kuwasha moto mara mbili. Kipande cha Mama Njoki, yaani kitambulisho chake, kilibaki na namba ya zamani ya chumba, na askari wa barabarani hawakujua kwamba namba ile imekufa. Barua niliziokota mimi mwenyewe mezani kwa karani. Lakini kumwandikia mumewe kwamba mlango umezibwa na yeye anaishi nyuma ya ukuta, hilo halikuwezekana, kwa kuwa kila barua ilisomwa na watu ambao hawakupaswa kujua. Aliandika kwamba hawajambo na wako pale pale. Kisha barua za mumewe zikakoma, kama mwaka mzima.

Baba Njoki aliachiliwa bila mtu kuarifiwa. Alifika Ruiru mchana wa siku ya kazi, amekonda, kichwa kimenyolewa, na kifurushi kidogo. Alikwenda moja kwa moja mwisho wa safu ya pili, akakuta ukuta. Alirudi mwanzo wa safu akaanza kuhesabu milango upya. Kisha akamwendea mwanamke aliyekuwa akichambua maharagwe kwenye mlango wa mwisho, naye alikuwa Mama Mwende, akamtajia jina la mkewe na kumuuliza wako wapi.

Mama Mwende hakuwahi kuishi jirani naye kabla hajachukuliwa. Walikuwa wamehamia baadaye. Alimwona mtu mgeni, mwenye macho yasiyotulia, anayejua jina kamili la mtu aliyefichwa nyumbani mwake. Alimdhania kachero. Alishika ahadi.

Alimwambia kwamba hakuna mtu wa jina hilo, na kwamba huko nyuma ni ukuta tu.

Jioni, watoto walipokwisha kula, alimsimulia Mama Njoki kwa fahari jinsi alivyomfukuza kachero. Mama Njoki aliuliza mtu yule alifanya nini aliposikia hivyo. Mama Mwende akasema kwamba hakufanya kitu. Aliweka tu kiganja ukutani, akakaa nacho hapo kidogo, kisha akaondoka.

Asubuhi Mama Njoki alikuwa karakana kabla yangu. Sijui alitembea kwa saa ngapi. Nilichukua baiskeli, Mbugua akaniruhusu bila kuuliza nitarudi lini, na yeye akapeleka habari makanisani. Nilizunguka Ruiru, Juja, makambi ya vibarua wa mkonge na ya kahawa, nikiuliza juu ya mtu aliyekonda mwenye kichwa kilichonyolewa, wakati ambapo nusu ya wanaume njiani walikuwa wamekonda na wamenyolewa. Ofisini kwetu hakufika. Mtu aliyetoka kizuizini hakuwa na hamu ya ofisi.

Nilimpata siku ya tisa, upande wa Murera, akikata mkonge. Alinitambua. Nilimwambia kwanza kwamba mkewe yuko hai na watoto wako hai, kisha nikamwambia wanalala wapi, kisha nikamwambia ni kwa nini. Sikuwasingizia makarani wala Nairobi. Alinisikiliza panga likiwa mkononi. Aliniuliza Njoki amefika darasa la ngapi. Nilipomjibu aliketi chini, katikati ya mistari ya mkonge, na ilibidi nimsubiri.

Nilimbeba nyuma ya baiskeli hadi Ruiru. Aliinama akapita chumbani mwa Mutua, akasogeza lile pazia la gunia. Mimi nilibaki nje. Sikusikia kelele yoyote. Baada ya muda Mama Mwende alitoka, akaketi kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa leso, na alilia kuliko nilivyopata kumwona mtu akilia msibani. Nilimwambia kwamba kosa si lake.

Wiki kadhaa baadaye Baba Njoki alikuja karakana kuomba vipande vya mbao vya kumtengenezea binti yake kitanda. Nilimchagulia mbao nzuri, nikazipiga randa mwenyewe. Alikuwa hajarudia ule mzaha wake, na sidhani aliurudia tena. Alipozifunga kamba alisimama akazitazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fundi, ukuta nimekusamehe. Ulikuwa na woga, na ulirudi kusema. Lakini hizo siku tisa nilikuwa nimewazika. Niliwalilia mmoja mmoja, nikamaliza. Hizo bado."

Akajitwika mbao zake akaenda. Mlango ule tuliufungua tena ile barua ya kikomo ilipoacha kutajwa, na hakuna aliyekuja kuhesabu. Tulisalimiana na Baba Njoki miaka mingi baada ya hapo, harusini, kanisani na sokoni, akaniuliza habari za nyumbani nami nikamuuliza za kwake. Mwaka juzi tulimzika, nami nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Kama zile siku tisa aliwahi kunisamehe, hakuniambia, nami sikuwahi kumuuliza.